Hesabu ya Wengi na Mwili wa Mmoja

Mwanamume aliyeambiwa kuwa ana saratani ya tezi dume huuliza swali moja kabla ya mengine: je, imetoka nje ya tezi au bado imo ndani? Swali hilo ni la haki, maana jawabu lake ndilo lipambanualo kisu chenye matumaini na kisu cha bure. Lakini jawabu la yakini halipatikani ila baada ya tezi kutolewa na kutazamwa kwa hadubini. Ajuaye kwa hakika ni yule aliyekwisha kupasuliwa. Atakaye kujua ni yule ambaye hajaamua kupasuliwa. Katika pengo hilo baina ya haja na elimu ndimo ilimozaliwa hesabu ya kubashiri.

Hesabu ijulikanayo zaidi ilitungwa katika Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Alan Partin, Patrick Walsh na wenzao walitoa majedwali yao mwaka 1993, wakayapanua mwaka 1997 kwa habari za wanaume 4,133 waliopasuliwa katika hospitali tatu. Jedwali huuliza mambo matatu: kiasi cha PSA katika damu, kidole cha daktari kimehisi nini, na alama ya Gleason, yaani jinsi mpangilio wa chembe ulivyoharibika katika vipande vya nyama vilivyotolewa kwa sindano. Kwa matatu hayo hutaja uwezekano wa manne: ugonjwa umebaki ndani, umepenya ganda la tezi, umeingia vifuko vya shahawa, au umefika katika tezi za limfu.

Wako wasemao kuwa hii ni ramli iliyovaa koti jeupe. Hawasemi kweli, walakini kosa lao lafaa kufikiriwa. Mpiga ramli huuliza jina la mtu na jina la mamaye, kisha hudai kusema habari za mtu yule peke yake. Jedwali haliulizi jina. Likisema 20 kati ya 100, halina maana kwamba mtu huyu ana sehemu 20 za ugonjwa uliotoka. Katika mwili wake ugonjwa ama umetoka ama haukutoka, wala hapana hali ya tatu. Lasema kwamba wanaume 100 wenye dalili kama zake wakipasuliwa, 20 hivi wataonekana umewatoka nje ya tezi. Yeye ni mmoja wa hao mia. Yumo katika 20 au katika 80? Hapo jedwali lanyamaza, na unyamavu huo ndio uaminifu wake.

Aristotle aliuona ugumu huu zamani. Katika kitabu chake cha Balagha alieleza ya kuwa tiba haitazami kimfaacho Socrates au Callias, bali kiwafaacho watu wa namna yao. Na katika Metafizikia akaeleza kwamba tabibu hamponyi mtu kwa jumla, humponya Callias au Socrates. Kauli hizo zaonekana kupingana, wala hazipingani. Ya kwanza yahusu elimu, ya pili yahusu tendo. Daktari asemaye "jedwali limekwisha kuamua" amejificha nyuma ya wengi ili asimtazame mmoja usoni.

Na jedwali haliamui, kwa sababu haliwezi kusema kama 20 ni nyingi au ni chache. Jambo hilo si la hesabu kabisa. Mwaka 1982 Walsh alifanya upasuaji uliokusudia kuihifadhi mishipa ya fahamu ipitayo kando ya tezi, ile iuwezeshayo uume kusimama. Mpasuaji akiamini kuwa saratani imepenya ganda upande mmoja, hukata kwa upana na kuiondoa mishipa ya upande ule. Akiamini haikupenya, huiacha. Basi idadi ile ile yaweza kumgharimu mtu mmoja raha ya ndoa yake kwa sababu ya ugonjwa ambao haukuwako nje, na kumwachia mwingine mbegu ya ugonjwa kwa sababu ya huruma. Mtu wa miaka 50 aliyeoa juzi na mjane wa miaka 70 hawawezi kupimiwa kwa kipimo kimoja cha hofu, ijapokuwa dalili zao ni sawasawa. Kipimo hicho ni mali ya mgonjwa, naye ana haki ya kuulizwa.

Tena, watu wa namna yake ni nani? Wanaume wa majedwali yale walikuwa Wamarekani, wengi wao weupe, waliokwisha kuchaguliwa kuwa wafaa kupasuliwa. Mgonjwa wa Mombasa au Dar es Salaam ana haki ya kuuliza kama yumo katika mia ile. Kumsomea idadi bila kumwambia ilikotoka ni kumpa sarafu ya nchi nyingine bila kumtajia thamani yake.

Zaidi ya hayo, kuenea si kufa. Uingereza wanaume 1,643 waligawanywa kwa kura: wengine wakaangaliwa tu, wengine wakapasuliwa, wengine wakapewa mionzi. Matokeo ya miaka 15, yaliyotolewa mwaka 2023, yalionyesha kuwa waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa kama 2 au 3 kwa 100 katika kila kundi, ingawa kwa walioangaliwa tu ugonjwa ulisambaa mbali mara mbili ya waliopasuliwa. Swali la kwanza la mgonjwa, basi, huenda silo limpasalo kuliko yote.

Siku hizi picha za PSMA huonyesha mengi yaliyofichika. Uchunguzi wa Australia wa mwaka 2020, kwa wanaume 302, uliziona kuwa sahihi kwa asilimia 92, na picha za kawaida asilimia 65. Pengo limepungua, punje ndogo mno bado hupita bila kuonekana.

Yuko pia mgonjwa asemaye: "Daktari, fanya kazi yako, usinitajie idadi." Ombi lake lastahili heshima. Lakini idadi asiyotaka kuisikia itaingia pamoja naye katika chumba cha upasuaji, na wakati yeye amelala, mtu mwingine ataitumia kuamua mishipa ipi ikatwe na ipi iachwe.