SHAFAA YA WAZI NA SHAFAA YA MLANGO WA NYUMA

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.



Ijumaa hii tutafakari pamoja juu ya jambo tunaloliona kila siku na kulipita bila kuliuliza. Nalo ni kumsemea mtu mbele ya mkubwa. Mwenye kesi anatafuta mtu wa kumsemea kwa bwana A.T. Mfanyabiashara wa kasiterite anatafuta mtu wa kumsemea kwa gavana kule Kindu. Kampuni kubwa inatafuta mtu wa kuisemea Kinshasa, na serikali nayo inatafuta wa kuisemea Washington. Kazi ni ile ile, kinachotofautiana ni bei.

Swali letu ni hili: Je, inafaa mtu aende kwa mkubwa kuomba jambo linalogusa mali na haki za watu wote, bila watu hao kujua ni nani ameomba, ameomba nini na ametoa nini?

1. KUSEMEA WATU SI HARAMU

Tusianze kwa kuharamisha kilichohalalishwa. Katika Suratun Nisaa, aya ya 85, Mwenyezi Mungu anatufundisha kwamba mwenye kuombea jambo jema anapata fungu katika wema huo, na mwenye kuombea jambo baya anapata fungu katika ubaya wake. Basi shafaa ina pande mbili. Mjane aliyenyang'anywa shamba, mwalimu asiyelipwa, mgonjwa asiyekuwa na mtu wa kumpeleka mbele, hao kuwasemea ni ibada.

Hata Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kuomba ni haki ya raia, na tunachouliza sisi ni njia anayopita mwombaji.

2. USAMA HAKULA RUSHWA

Wengi wetu husema: ubaya ni rushwa tu, kama hakuna pesa, hakuna dhambi. Ndugu yangu, kumbuka kisa cha mwanamke wa Bani Makhzum. Alikuwa wa ukoo mkubwa, akaiba. Jamaa zake wakaona aibu, wakatafuta nani anaweza kumkabili Mtume (s.a.w.) juu yake. Wakamchagua Usama bin Zayd, kwa sababu Mtume alimpenda sana. Usama hakupewa hata dirham moja. Alikwenda na mapenzi tu. Hata hivyo Mtume (s.a.w.) alikasirika, akasimama akawakhutubia watu. Akawaeleza kwamba waliotangulia waliangamia kwa sababu mtukufu akiiba walimwacha na mnyonge akiiba walimwadhibu, na kwamba hata binti yake Fatima asingeachwa.

Hapa pana mafundisho mawili. La kwanza, ushawishi unaweza kuharibu haki hata kama hakuna bahasha. Ukaribu, ukoo, chama na urafiki navyo vina uzito kwenye mizani. La pili, ombi lile lililopelekwa kwa faragha lilijibiwa hadharani, wote wakasikia.

3. MTOZA ZAKA NA ZAWADI ZAKE

Kisa cha pili ni cha mtu aliyetumwa kukusanya zaka, anayejulikana kwa jina la Ibn al-Lutbiyya. Alirudi akagawa mali mafungu mawili: hii ni yenu, na hii mimi nimezawadiwa. Mtume (s.a.w.) akapanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi zingemfuata huko.

Tazama kipimo hiki kilivyo chepesi. Mkuu wa ofisi anayeletewa mbuzi na magunia ya mchele ajiulize: siku nitakapoacha kiti hiki, mbuzi huyu ataendelea kuja? Akijibu hapana, basi mbuzi si wake. Ni wa kiti, na kiti ni cha watu.

4. MAMBO YA NCHI YETU

Tuchukue mifano miwili ya karibu.

Mwaka 2018 nchi ilikuwa inabadilisha kanuni ya madini ya mwaka 2002. Makampuni makubwa hayakutaka ada ziongezwe, wala hayakutaka kupoteza ile ahadi ya miaka 10 ya kutobadilishiwa masharti. Tarehe 7 Machi 2018 viongozi wao, miongoni mwao Glencore, Randgold na Ivanhoe, walikutana na Rais Joseph Kabila kwa saa nyingi. Tarehe 9 Machi Rais akaitia sahihi kanuni mpya. Jambo hilo liligusa Kailo moja kwa moja, maana katika kanuni hiyo ada ya madini, ile inayoitwa redevance, inagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta au shefferi yanakotoka madini, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Makampuni yalikuwa na haki ya kwenda kusema yao. Na kwa sababu ilijulikana nani ameingia, siku gani na kwa shauri gani, mwananchi aliweza kupima: wameomba hiki, wamepata kile.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2019. Katika nchi yetu maseneta na magavana huchaguliwa na wabunge wa majimbo. Maana yake, anayetaka kiti hana haja ya kuwashawishi watu wa Maniema wote. Wabunge wachache wa Kindu wanamtosha. Tarehe 15 Machi 2019 maseneta walichaguliwa. Malalamiko ya kununuliwa kura yakawa makubwa katika nchi, watu wakaandamana, na tarehe 18 Machi wakuu wa nchi wakasimamisha kuingia kazini kwa maseneta na kuahirisha uchaguzi wa magavana. Baadaye zuio likaondolewa, na mwezi wa nne magavana wakachaguliwa. Sheria ya tarehe 29 Machi 2005 juu ya rushwa ilikuwapo miaka yote hiyo. Lakini hakuna daftari lililoonyesha nani amekutana na nani kabla ya kura, na kwa hiyo mwenye haki na mwenye hatia wote walibaki chini ya tuhuma moja. Siri haimdhulumu mwananchi peke yake. Inamdhulumu na kiongozi mwaminifu pia, maana hana cha kuonyesha.

5. DAFTARI LA WASHINGTON

Ndugu msomaji, huko Marekani ipo sheria ya mwaka 1938. Mtu yeyote anayelipwa kuisemea serikali au mtu wa nchi ya kigeni katika siasa zao lazima ajiandikishe katika Wizara ya Sheria, apeleke mkataba wake, aseme analipwa kiasi gani na ameongea na nani. Yeyote anaruhusiwa kusoma.

Kwa njia hiyo, mwaka 2017 ilijulikana kwamba serikali ya Kongo ilikuwa na mkataba wa dola zaidi ya milioni 5 na kampuni ya Israel iitwayo Mer Security, ya kuisemea Washington. Na mwezi wa pili 2025 ilionekana barua iliyopelekwa kwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani kwa niaba ya seneta wa Kongo, ikiwapa Wamarekani nafasi katika madini yetu na kuomba msaada wa ulinzi. Tarehe 4 Desemba 2025 nchi hizo mbili zikatia sahihi mapatano ya ushirikiano yanayogusa madini hayo.

Hatusemi hapa kwamba mapatano hayo ni mema au ni mabaya. Nchi iliyovamiwa ina haki ya kutafuta rafiki. Tunachosema ni hiki: tangu siku za Symétain na SOMINKI bati limetoka katika ardhi ya Maniema, na leo mwenye ardhi anapata habari za mali yake katika daftari la ng'ambo, kabla hajaambiwa nyumbani. Wao wameiandika sheria ile kujilinda wao. Sisi nani atatulinda, kama hatuna daftari letu?

Na tusidanganyike kwamba daftari peke yake linatosha. Agizo la waziri mkuu la tarehe 20 Mei 2011 liliamuru mikataba yote ya madini, mafuta na misitu itangazwe ndani ya siku 60, na bado ipo mikataba iliyochelewa au kufichwa. Karatasi isiyosomwa ni sawa na taa iliyofunikwa chungu.

6. SIRI IPI INARUHUSIWA?

Atasema mtu: mbona dini inasifu sadaka ya siri? Na mnyonge akilazimishwa kusema hadharani, si ataumizwa?

Ni swali zuri. Suratun Nisaa, aya ya 114, inatufundisha kwamba mazungumzo mengi ya siri hayana kheri, isipokuwa ya mwenye kuhimiza sadaka, wema au kupatanisha watu. Angalia mambo haya matatu. Yote siri yake inamfunika mnyonge: maskini asiaibike, wagomvi wasichochewe. Basi kipimo ni hiki: siri hii inamlinda nani? Mchimbaji anayeshitaki kwamba askari wanamtoza kwa nguvu, afichwe jina lake, maana akijulikana atadhurika. Lakini anayeomba shimo, kibali, kandarasi au kiti, anaomba mali ya watu. Siri yake inamfunika yeye na kumziba macho mwenye mali. Huyo aonekane.

7. TUANZE MLANGONI PETU

Ni rahisi kuinyooshea kidole Kinshasa. Lakini sisi wenyewe tunatuma wajumbe Kindu. Na wakati wa uchaguzi wagombea wanatuletea mabati, simenti na mikeka. Tukitaka wabunge waweke daftari, na sisi tuwe nalo.

Basi tunashauri haya. Kila ujumbe utakaotoka msikitini kwenda kwa mkubwa, katibu aandike mambo manne: nani amekwenda, kwa nani, ameomba nini, ametoa au amepokea nini. Yasomwe baada ya swala ya Ijumaa inayofuata. Zawadi ya mwenye kugombea kiti isubiri mpaka kura zihesabiwe. Kama anatafuta thawabu, thawabu haina tarehe ya uchaguzi. Na mbunge wetu akija Kailo, tumwulize kwa adabu, bila matusi: mzee, tangu uende Kindu ni nani wamekujia, nao walitaka nini? Tena tutumie kifungu cha 27 kuomba kwa maandishi tujue ile asilimia 15 imefika kiasi gani na imefanya kazi gani.

Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari kwa sababu ya zawadi za mtu mmoja. Jambo ambalo mtu hawezi kulieleza mbele ya watu linaowahusu, ajihadhari nalo kabla ya Siku ambayo siri zote zitafunuliwa.

Ee Mwenyezi Mungu, tupe viongozi wanaosikia mnyonge kama wanavyosikia tajiri. Tujaalie tuwe waombezi wa kheri, wala usitutie katika fungu la waombezi wa shari. Amin.

Wabillahi tawfiq.

(Karatasi hii ina majina matukufu. Tafadhali usiitupe ovyo. Ukimaliza kusoma, mpe jirani.)