Wino Juu ya Hina

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 31 Oktoba 2010, siku ambayo Watanzania tulitakiwa kuchagua Rais, wabunge na madiwani, mimi nilikuwa nimekaa barazani kwetu hapa Tanga nikinywa kahawa chungu kwa kashata, nikiwatazama wapita njia kwa jicho la mtu aliyekwisha kukata shauri kwamba hatoki. Na shangazi yangu, mzaliwa wa Chake Chake, Pemba, aliyeletwa huku na ndoa, mwenye miaka sabini na ushei na magoti yasiyomtii, akapita mbele yangu na bakora yake, buibui amelifunga vizuri, akaniuliza iwapo tutafuatana au atangulie. Nikamjibu kwa adabu kwamba atangulie. Hakusema neno.

Siku mbili kabla ya hapo alikuwa amemtuma mjukuu wake kwa maalim wa mtaani kuuliza kama wino wa kura, ule usiofutika, unazuia maji ya udhu yasifike kwenye ngozi na ukucha, maana ikiwa unazuia basi sala zake za siku hizo zingekuwa na ila. Na maalim akamrejeshea jawabu kuwa wino ule ni rangi tu mfano wa hina, hauna gamba, maji hupita. Nalitaja jambo hili dogo kwa sababu kila nikilikumbuka hunionyesha umbali uliopo baina ya mtu aliyeitia kura katika hesabu ya mambo yanayomlazimu na mtu aliyeiacha katika hesabu ya mambo ya kufanywa nafsi ikipenda. Kabla ya adhuhuri ya siku ile ya uchaguzi shangazi alirudi. Mikono yake ilikuwa na hina ya arusi ya wiki ile, imekolea mpaka kwenye kucha, na karani wa kituoni, kwa alivyotusimulia, alikigeuzageuza kidole chake akitafuta mahali ambapo wino ungeonekana, mwisho akakichovya hadi kwenye pingili ya kwanza.

"Haya, mwanangu," akaniambia huku amekinyanyua kidole, "mimi changu nimekitoa. Wewe chako umekitia mfukoni, na kikiozea humo usimlilie mtu."

Sikuwa peke yangu. Walioandikishwa mwaka ule walikuwa kiasi cha milioni 20, na waliopiga kura hawakufika milioni 9, maana yake ni kwamba wengi wa wananchi wenye kadi zao mkononi walikaa majumbani, mashambani na barazani kama nilivyokaa mimi. Kila mmoja alikuwa na hoja yake. Yangu ilikuwa ile kongwe, ambayo nilimpa shangazi kwa sauti ya mtu aliyesoma: kura moja katika bahari ya kura itafanya nini?

Alicheka. Kumuuliza Mpemba wa umri wake swali lile ni sawa na kumuuliza mvuvi kama upepo una kazi. Katika uchaguzi wa Januari 1961, Zanzibar ilikuwa na viti 22, na kiti cha Chake Chake kilinyakuliwa na chama cha ASP kwa kura moja tu, ndipo ASP ikawa na viti 10, chama cha Hizbu 9, na cha ZPPP 3. Na hao watatu nao wakagawanyika, wawili wakaenda huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11, serikali isiundike, ikabidi uchaguzi urudiwe mwezi wa Juni, na katika ghasia zilizouandama watu 68 wakapoteza maisha. Shangazi alikuwa msichana wakati huo, na anasema kwamba kwa miaka mingi baadaye hapakuwa na mtu wa ASP pale mjini asiyeapa kuwa kura ile moja ilikuwa yake, wala mtu wa Hizbu asiyekuwa na jina la jirani fulani aliyelala na homa siku ile. Naongeza kwa upande wangu, bila ya kumwambia yeye, kwamba kura ile moja haikuleta neema: ilileta mizani iliyosimama dede, na mizani ya namna hiyo ni jambo la hatari kubwa. Lakini kuwa ilikuwa na uzito, hilo halina shaka.

Kadhia hii ingelala hapo, lau kuwa si mpwa wangu aliyehamia Melbourne akapata uraia wa Australia, ambaye siku moja alinipigia simu akicheka kwamba barua imemfika kumtaka aeleze kwa nini hakupiga kura. "Mjomba," akasema, "huku mtu asipokwenda huulizwa." Asingekuwa na udhuru wa kukubalika angetozwa dola 20, ambazo kwa maelezo yake hazizidi sana bei ya mlo mmoja mkahawani; alikuwa nao, akauandika, akasamehewa. Sheria hiyo ni ya mwaka 1924. Katika uchaguzi wa 1922 hawakutoka hata 60 katika kila 100 ya walioandikishwa. Seneta mmoja wa Tasmania, Herbert Payne, akapeleka mswada wake mwenyewe, ukapita pasipo mjadala mrefu. Na mwaka 1925 wakatoka zaidi ya 91 katika kila 100. Tangu hapo, kwa karibu karne nzima, idadi yao huelea karibu na 90 au zaidi. Ubelgiji iliwatangulia kwa lazima hiyo tangu 1893, na Brazil nayo huwalazimisha walio baina ya miaka 18 na 70, ila asiyejua kusoma na kuandika ameachiwa hiari yake.

Wanazuoni wetu huzigawa fardhi mafungu mawili: fardhi ain, inayomlazimu kila mtu kwa nafsi yake, hapana wa kumtolea, kama sala tano, na fardhi kifaya, ambayo wakiisimamia baadhi ya watu wengine huepukana na dhima, kama kumsalia maiti. Nimekuja kuona kwamba sisi wa barazani, bila ya kukaa kitako na kufikiri, tuliifanya kura kuwa fardhi kifaya: wapo watakaokwenda, shughuli itatimia, maiti atazikwa. Ila ulinganisho huu una kosa, na kosa lenyewe ni hili. Anayemsalia maiti mimi nikiwa safarini ananiondolea dhima kwa kuwa nia yake na yangu ni moja, sote twamtakia marehemu maghufira. Lakini anayepiga kura mimi nikiwa nanywa kahawa hanipigii mimi, anajipigia mwenyewe, na huenda ikawa anapiga kinyume changu hasa. Hapana uwakala katika jambo hili.

Je, basi iwe fardhi ain, na serikali iisimamie kwa faini? Hapa ndipo miguu yangu inapoanza kuwa mizito. Fardhi ina sharti ya uwezo: hija ni fardhi, na haimlazimu asiyekuwa na njia ya kuifikia. Mpwa wangu aliponieleza mambo ya huko, nilitambua kwamba lazima yao ina ncha mbili, na ile ncha kali zaidi imeielekea serikali: kura hupigwa Jumamosi, siku ambayo wengi hawako kazini, masanduku hupelekwa hospitalini na kwenye makazi ya mbali jangwani, mwenye safari hupiga kwa posta au kabla ya siku yenyewe, na kwenye viwanja vya shule wanamopigia kura watu huchomwa soseji, ambazo yeye hazili lakini harufu yake, anakiri, humfanya mtu asiione foleni kuwa ndefu. Mtawala aliyesema "njoo, la sivyo utalipa" amejifunga mwenyewe kusema "na njia hii hapa". Wala tusiwasifu kupita kiasi: wenyeji wa asili wa nchi ile waliruhusiwa wote kupiga kura za taifa mwaka 1962 tu, na mpaka 1984 lazima ya kujiandikisha iliyowabana wenzao haikuwahusu wao. Fardhi ya watu wote, kumbe wote wenyewe walikuwa wamechaguliwa.

Kwetu, mambo ya lazima katika kura tuliyaonja mapema, tena kwa sura ya kipekee. Marehemu baba yangu alikuwa karani bandarini, naye alikuwa miongoni mwa wale wachache waliotimiza masharti ya kupiga kura katika Tanganyika ya 1958: umri wa miaka 21, na kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambulikana. Alikwenda kwa hiari yake. Lakini mbele ya karatasi hiari ikamwishia, kwa kuwa ilikuwa kura tatu: ilimlazimu achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na akimchagua Mwafrika wake akawaacha hao wengine, karatasi nzima inabatilika. Chama cha TANU kilikutana Tabora mwezi wa Januari mwaka huo kuitafakari dhulma ile, wengi wakitaka kuususia uchaguzi, mpaka Nyerere akawashawishi waingie humo humo katika mtego wautegue kwa ndani. Zuberi Mtemvu, mmoja wao, hakuridhika, akatoka akaanzisha chama chake. Baba alikuwa akitusimulia kwamba alama ya kwanza aliiweka kwa furaha, na mbili zilizobaki kwa kufuata alivyoelekezwa na TANU, "kama mtu anayemeza kidonge kwa maji ya kuazima". Chama chake kilishinda. Hata hivyo maneno yale ya kidonge hayakumtoka mpaka anakufa.

Naikumbuka kura tatu kwa sababu Waaustralia nao, katika kuwachagua wabunge, hutakiwa kutia nambari mbele ya kila jina kwenye karatasi, hata la mtu wamchukiaye, na wakiruka kura huharibika. Atakaye kukataa amebakiwa na kitu kimoja: ile siri ya chumba cha kura, ambayo, kwa insafu, ni wao hao walioipa dunia, kwani kura ya siri ya karatasi iliyochapishwa na serikali ilianzia Victoria na Australia Kusini mwaka 1856. Humo ndani mtu anaweza kuikunja karatasi tupu na kuitumbukiza, na sheria haimwoni.

Lakini karatasi tupu si sawa na mtaa mtupu. Sisi Waswahili tuna neno kususa, na kususa sharti kuonekane: mtoto aliyesusa chakula hujiweka pembeni mahali ambapo mama atamwona. Wakenya walipopiga kura tarehe 8 Agosti 2017 walitoka karibu 80 katika kila 100. Mahakama ya Juu ilipoubatilisha uchaguzi ule na mwingine ukafanyika 26 Oktoba, Raila Odinga akiwa amejitoa na kuwataka wafuasi wake wasiende, hawakufika 40, na katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori kura hazikupigwa kabisa. Uhuru Kenyatta alipata 98 katika kila 100 ya kura halali, na kila aliyeisoma hesabu ile alisoma pamoja nayo hesabu ya waliobaki majumbani. Wamo waliobaki kwa msimamo, wamo waliobaki kwa hofu, na si kazi nyepesi kuwapambanua. Hata hivyo kimya kile kilikuwa na maana, na lau wangeburutwa vituoni kwa faini, kimya chao kingechanganyika sandukuni na karatasi za watu waliokosea kutia alama.

Kisha nafikiri habari ya kidole. Watu wa rika langu hatujasahau kodi ya kichwa, wala kodi ya maendeleo iliyoirithi mpaka ikafutwa mwaka 2003. Tunawakumbuka mgambo waliosimama njia panda alfajiri wakidai stakabadhi, na wanaume wazima, wenye ndevu, walioruka ua na kulala migombani kwa kukosa kikaratasi kile. Siku kura itakapokuwa lazima katika nchi ambayo mtu hutembea saa nyingi kukifuata kituo, na mwingine aliandikishwa kijiji hiki ilhali msimu wa samaki umempeleka kisiwa kile, wino wa kidoleni utageuka kuwa stakabadhi: tajiri atalipa faini kama alipavyo maegesho, na mvuvi ataruka ua. Kwa hiyo mimi, niliyekosa mwaka 2010 na kulikiri kosa langu, siombi sheria ya kunishika mkono. Naiomba serikali itangulie kuitimiza nusu yake ya fardhi, masanduku yafike wanakoishi watu na yahesabiwe kwa uaminifu, halafu kama bado tutakuwa tumekaa barazani, hapo ndipo ije ituulize.

Jumapili ya tarehe 25 Oktoba 2015 nilikodi bajaji nikampakia shangazi, maana bakora ilikuwa haimtoshi tena. Msimamizi wa kituo alipomwona akampitisha mbele, kama ilivyo desturi kwa wazee, wagonjwa na waja wazito, na kabla ya robo saa alikuwa amemaliza. Mimi nikasimama juani kwa muda wa saa mbili, nyuma ya kijana aliyekuwa akisikiliza redio. Shangazi alikataa kurudi nyumbani peke yake. Aliazimwa kiti, akakaa chini ya mwarobaini akiniangalia jinsi ninavyosogea. Nilipotoka akanishika mkono, akailowesha ncha ya leso yake kwa maji ya chupa, akakisugua kidole changu mara tatu, akakitazama kwa karibu, kwa kuwa macho nayo yalikuwa yameanza kumkimbia.

"Umeshika," akasema, na akaniambia nimwite yule mwenye bajaji.