Anza na Kiti cha Kwenu

Unasema siasa ni ya wenye majina makubwa na magari ya vioo vyeusi? Msikilize mkulima huyu wa karanga.

Tarehe 1 Oktoba 1962, katika mji mdogo wa Plains, jimbo la Georgia, Marekani, Jimmy Carter alitimiza miaka 38. Asubuhi ile aliacha nguo za shamba akavaa suruali ya kutokea. Mkewe, Rosalynn, akamuuliza kama anakwenda mazikoni. La, alikuwa anakwenda kutangaza kwenye gazeti kwamba anagombea useneta wa jimbo. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kura za mchujo zipigwe. Hakuwa na mfuko wa fedha. Alichokuwa nacho ni ghala la karanga, miaka kadhaa kwenye bodi ya shule ya kaunti yake, na miguu ya kuzungukia wapigakura.

Akashindwa kwa kura 139.

Wengi wetu tungeishia hapo, tukalaani na kurudi shambani. Lakini katika mji wa Georgetown, ndani ya eneo alilogombea, bwana mkubwa wa siasa alikuwa amesimama kituoni mchana kutwa akiwaelekeza watu nani wa kumpigia. Vishina vya karatasi za kura vilionyesha waliopiga kura ni 333. Sandukuni zimo karatasi 420! Kwenye orodha, majina yamepangana kwa alfabeti, na wamo marehemu. Carter alikusanya viapo vya mashahidi, akatafuta wakili, na mwandishi wa gazeti la Atlanta akaifichua habari hiyo. Jaji akalitupa sanduku lile, na mshindi akawa Carter, kwa kura 65. Haki yake hakuletewa nyumbani. Aliifuata kijiji kwa kijiji, karatasi kwa karatasi.

Januari 1963 akaingia seneti, na hapo ndipo pa kujifunzia hasa. Aliahidi kusoma kila mswada kabla ya kuupigia kura. Miswada ilikuwa mamia, akalazimika kujifunza kusoma kwa kasi. Hotuba yake ya kwanza ilipinga maswali ya hila yaliyotumika kuwazuia raia weusi wasijiandikishe kupiga kura. Akakipigania chuo cha eneo lake hadi kikaanza kutoa masomo ya miaka minne. Kikao kikiisha, anarudi Plains kupima karanga za wateja wale wale waliomtuma. Mwakilishi wa kijijini hana pa kujificha: akizembea, ataulizwa sokoni.

Baadaye alishindwa ugavana mwaka 1966, akaupata 1970, na mwaka 1976 akachaguliwa rais. Na mtu yule yule aliyechezewa kura Georgetown, kituo alichokianzisha kilituma waangalizi kwenye chaguzi za Kenya za 2002, 2013 na 2017.

Lakini usiutamani urais wake, utamani useneta wake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwenyewe ni huku kwenye kata, bodi ya shule na kamati ya maji.

Basi inuka! Kama uko Tanzania, nenda mkutano wa kijiji ujao udai mapato na matumizi yasomwe, kisha uyasome mwenyewe mstari kwa mstari. Kama uko Kenya, hudhuria kikao cha wananchi cha bajeti ya kaunti, uulize zahanati yenu imetengewa kiasi gani. Siku ya kura, weka wakala kila kituo na nakala ya matokeo mkononi. Ukishinda, soma kila karatasi unayoombwa uipitishe. Ukishindwa kwa halali, mpongeze mwenzako ujipange upya. Ukiibiwa, kusanya ushahidi uende mahakamani.

Kata yako ina kiti, na uchaguzi ujao kitakaliwa na mtu. Chukua fomu!