Nafasi ya Kukosea

Kila kipimo cha binadamu kina nafasi ya kukosea. Mkono hutetemeka, hali ya hewa hubadilika. Kwa hiyo mtunga sheria mwenye busara huacha nafasi ndogo, ili mtu mwaminifu asihukumiwe kwa kosa asilolikusudia. Nafasi hiyo ni rehema. Je, ni halali kuigeuza kuwa faida?

Tutazame yaliyotokea Ulaya. Kwa miaka mingi matumizi ya mafuta ya magari mapya yalipimwa katika maabara, kwa jaribio la takribani dakika 20. Dereva aliruhusiwa kupotoka kilomita 2 kwa saa, juu au chini ya mwendo uliopangwa. Joto la chumba lilitakiwa kuwa kati ya nyuzi 20 na 30. Hata kiwango cha hewa ya ukaa kilichotangazwa kiliweza kupungua kwa asilimia 4 kuliko kilichopimwa. Wapo watengenezaji walioivuta kila ruhusa hadi ukingoni: mwendo upande wa chini, joto upande wa juu, betri imejazwa kabla ya kuanza. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya tofauti kati ya namba ya karatasini na mafuta ya barabarani, iliyokuwa takribani asilimia 9 mwaka 2001, ifikie takribani 40 mwaka 2015. Mwaka 2017 jaribio jipya, kali zaidi, likaanza kutumika.

Mwanasheria atasema hakuna sheria iliyovunjwa. Huenda ni kweli. Lakini aliyeiamini namba ile alilipa tofauti hiyo kila alipofika kituo cha mafuta.

Torati iliwakataza Waisraeli kubeba mawe mawili ya kupimia, zito na jepesi. Hapa jiwe lilikuwa moja, tena halali. Ila kidole kiliegemea mizani.

Nasi tusijione wasafi. Mwajiri akituvumilia dakika kumi kwa sababu ya foleni, kesho tunachelewa kutoka nyumbani kwa dakika zile zile. Aliyekosea na aliyelikusudia kosa husomwa sawa kwenye kipimo. Mbele za Mungu hawasomwi sawa.

Basi tujiulize: je, tungethubutu kumweleza mnunuzi, uso kwa uso, jinsi tulivyopima? Tukiona haya kumweleza, tumekwisha kujijibu.