Picha za harusi bustanini: Amana iliyosahauliwa

Sifa zote njema anastahiki Allah (sw), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (saw), ahali zake na maswahaba zake wote.



Wakazi wa Dar es Salaam wanaifahamu Bustani ya Mimea iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa. Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 ili kujaribia mazao ya biashara, na leo watu wanaijua zaidi kwa vivuli vyake kuliko kwa mazao. Kuna michikichi, mijakaranda na mikrismasi ambayo ikichanua huwa myekundu mti mzima. Ndiyo maana magari yenye riboni huegeshwa hapo mwisho wa wiki, maharusi wakashuka, mpiga picha akaanza kazi yake. Na wengi wa maharusi hao ni Waislamu waliotoka kufungishwa ndoa na sheikh saa chache zilizopita.

Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari. Kijana niliyemfundisha zamani, ambaye sasa anaishi kwa kazi ya kupiga picha za harusi, alinijia na swali: "Ustaadh, nusu ya kipato changu kinatoka pale bustanini. Msikitini kwetu wapo wanaoniambia kuwa riziki hiyo ni haramu. Nina mke na watoto wawili. Niache?" Nimeona nimjibu hapa gazetini kwa kuwa swali hili si lake peke yake. Ni la wapiga picha wote Waislamu, na ni la wazazi wanaowakodi.

Kwanza, hukumu ya picha yenyewe. Zipo Hadith sahihi, katika Bukhari na Muslim, zinazowaonya vikali watengeneza sanamu na picha za viumbe wenye roho. Kamera ilipoingia katika nchi za Waislamu, wanazuoni walitofautiana kama na yenyewe inaingia katika onyo hilo. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika kuwa picha ya kamera ni kivuli kilichozuiliwa tu, wala si uumbaji wa kushindana na Allah (sw). Sheikh Yusuf al-Qaradawi naye aliiruhusu kwa masharti katika kitabu chake cha halali na haramu. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudi Arabia aliikataza isipokuwa kwa dharura, kama vile picha za vitambulisho. Hawa wote ni wanazuoni. Anayeishika kauli ya kukataza aheshimiwe, na anayeishika kauli ya kuruhusu asiitwe fasiki.

Ipo riwaya katika Bukhari inayomgusa kijana wangu moja kwa moja. Mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (ra) akamweleza kuwa maisha yake yanategemea kazi ya mikono yake, na kazi hiyo ni kutengeneza picha. Ibn Abbas akamsomea onyo alilolisikia kwa Mtume (saw). Yule bwana akahema kwa hofu na uso ukambadilika. Ibn Abbas hakumfukuza. Alimwelekeza kwamba ikiwa hana budi, basi atengeneze miti na kila kisicho na roho. Tazama hekima hiyo, ndugu msomaji. Mufasiri mkubwa wa Qur'an anamwonea huruma mtu mwenye kutafuta riziki, anamwambia ukweli bila kuupunguza, kisha anamwonyesha mlango. Nasi tunapomwambia kijana "acha", tumemwonyesha mlango gani?

Pili, na hapa ndipo kilipo kiini cha maneno yangu. Tumeshughulika sana na swali la kamera, tukalisahau swali la picha inakwenda wapi baada ya kupigwa. Hata ukiichukua kauli iliyo nyepesi kuliko zote, kwamba picha ya kamera inajuzu, bado kuna jambo ambalo wanazuoni hawatofautiani: mwanamke wa Kiislamu hana ruhusa ya kuonyesha mapambo yake kwa wasio maharimu zake. Aya ya 31 ya Suratun Nur imewataja mmoja mmoja wanaoruhusiwa kuyaona. Mpiga picha hayumo, dereva hayumo, wapita njia wa bustanini hawamo. Na aya inayoitangulia, ya 30, inaanza na wanaume, ikiwaamrisha wainamishe macho yao. Mpiga picha atainamisha vipi macho ilhali kazi yake ni kutazama? Mara anamwinua bibi harusi kidevu, mara anamgeuza bega, mara anaamuru wakumbatiane mbele ya kadamnasi, na mume aliyeoa saa mbili zilizopita anatabasamu. Baba aliyemlinda binti yake kwa miaka ishirini amesimama pembeni ameshika mwavuli.

Hayo ni ya saa moja tu. Picha inabaki. Namfahamu dada mmoja ambaye picha yake ya harusi, amevaa shela nyepesi na mabega wazi, ilitundikwa kwenye ubao wa matangazo wa studio iliyompiga. Hakuulizwa. Ndoa ile ilivunjika baada ya miaka miwili, naye akaolewa na mtu mwingine mwenye kumcha Allah. Picha haikushuka. Kila akipita mtaa ule na mumewe wa pili humwomba wazungukie njia nyingine. Enzi hizo ilikuwa picha moja kwenye ubao mmoja, na nyumba ikatikisika. Leo mpiga picha anaondoka na mamia ya picha katika kadi ya kamera, jioni anazirusha mtandaoni kutangaza biashara yake, na hakuna njia ya kuzungukia.

Allah (sw) katika Suratun Nisaa, aya ya 58, ametuamrisha tuzirudishe amana kwa wenyewe. Tunaposoma aya hii tunafikiria fedha, nyumba au mali ya yatima. Nasema picha ya mke wa mtu ni amana kubwa kuliko fedha, kwa sababu fedha ikipotea hulipwa. Hata sheria ya nchi imeanza kulitambua hili: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zikusanywe na kutumika kwa lengo halali na lililo wazi. Ni aibu kwa Muislamu kungoja sheria ya bunge imfundishe alichofundishwa na Qur'an.

Tatu, ni swala. Wapiga picha wanapenda jua la jioni kwa kuwa ni laini na halichomi uso. Jua hilo ndilo la mwisho wa Alasiri. Hapa Dar es Salaam Alasiri huingia kati ya saa tisa na saa kumi, na Magharibi huingia kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo. Msafara unaofika bustanini saa kumi na nusu huondoka giza linapoingia. Katika Hadith iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Anas (ra), Mtume (saw) ameieleza swala ya mnafiki kuwa ni ya yule anayekaa akilingoja jua mpaka linakaribia kuzama, ndipo ainuke adonoe rakaa nne. Vipi kuhusu wale ambao hata hizo rakaa za kudonoa hawazipati, kwa sababu rangi za uso zimegharimu fedha nyingi na bibi harusi hataki kuzigusisha maji ya udhu? Ndoa ni ibada. Tunaianza kwa kuvunja nguzo?

Watakuwepo wa kusema: "Ustaadh, Uislamu umetaka ndoa itangazwe na watu wafurahi." Kweli kabisa. Mtume (saw) alimwagiza Abdulrahman bin Auf (ra) afanye walima japo kwa mbuzi mmoja, na bibi Aisha (ra) alipompeleka bibi harusi kwa mume wa Kiansari, Mtume (saw) aliuliza kama palikuwa na burudani. Lakini kinachotangazwa ni ndoa. Mwili wa bibi harusi hautangazwi. Wala sidharau kumbukumbu: bibi mgonjwa aliyeko Tanga, asiyeweza kusafiri, akiletewa picha ya mjukuu wake akaomba dua, hilo ni jambo la kheri.

Basi jibu langu kwa kijana, kwa kuifuata kauli ya wanazuoni wanaoruhusu, ni hili: usiache kazi, ibadilishe. Wapige picha wanaume, wazee, mashahidi na walii wakiwa na bwana harusi. Bibi harusi akija bustanini, awe katika stara yake kamili, na mumewe ndiye amwelekeze wapi asimame, wewe usimguse. Picha za mapambo zipigwe nyumbani, chumbani kwa wanawake, na mpiga picha mwanamke. Mfundishe mkeo au dada yako kazi hiyo, kwani wanawake wenye ujuzi huo ni wachache na hitaji ni kubwa, na kipato kitabaki nyumbani kwako. Andikianeni kabla ya siku kwamba hakuna picha itakayotundikwa wala kurushwa bila idhini ya wenyewe, na kwamba ukishawakabidhi, unafuta za kwako. Na saa ya kwenda bustanini iwe asubuhi ya siku inayofuata, saa moja au saa mbili. Jua la saa hiyo nalo ni laini, watu ni wachache, na swala ya Alfajiri imeshaswaliwa.

Nanyi wazazi na kamati za harusi, msimtupie mpiga picha mzigo wote. Yeye anapiga anacholipwa kupiga. Mkimlipa kwa stara, atapiga kwa stara. Mkikaa vikao sita kujadili ukumbi na sare, ni vigumu kutenga nusu saa kujadili ni nani atamwona binti yenu na atamwona wapi? Na maimamu wetu wanaofungisha ndoa, wayaseme haya siku ya kuleta posa. Siku ya harusi huwa wamechelewa, magari yameshapambwa.

Tunamuomba Allah (sw) azifanye nyumba za vijana wetu kuwa nyumba za utulivu, mapenzi na huruma, azisitiri aibu zetu duniani na akhera, na awape wanaotafuta riziki njia ya halali iliyo pana. Amin.

Wabillahi tawfiiq.