Ilianguka Wapi?

Somo: 2 Wafalme 6:1–7

Nikiwa na miaka 23 niliazima Subaru ya mjomba, ile ya turbo, nikaenda kujionyesha kwa marafiki. Usiku, nikitoka Kyumvi kurudi Machakos mjini, mwendo ukanishinda kwenye kona, nikaingia mtaroni. Sikuumia, lakini gari halikuwa gari tena. Na bima ilikuwa ile ya kulipia watu wengine tu, gari lenyewe halimo.

Nikamwambia mjomba nilikwepa ng'ombe. Akaniamini, akanishika mkono, akaniombea. Yale maombi yaliniuma kuliko ajali.

Sasa tazama yule mwanafunzi wa Elisha. Anakata mti kando ya Yordani, chuma cha shoka kinazama majini. Analia, maana shoka si lake, ameliazima. Elisha hamkemei. Anamuuliza tu kilipoangukia, naye anaonyesha mahali penyewe. Kijiti kinatupwa pale pale, chuma kinaelea.

Mimi nilikuwa naonyesha mahali pengine! Wiki ya tatu nikarudi: "Mjomba, hakukuwa na ng'ombe. Nilikuwa na mbio." Akanyamaza sana. Kisha akasema, "Nimekusamehe. Na utalipa." Msamaha niliupata siku hiyo, deni nililimaliza baada ya miaka 4. Nimesomea biashara, najua: deni lililofichwa vitabuni bado ni deni.

Kijana, umeharibu nini cha wenyewe? Usimwonyeshe Mungu ng'ombe. Mwonyeshe mahali. Amina.