Mfereji Haumo Kwenye Hati

Baba mdogo alinipigia simu nikiwa maktaba, nasoma kuhusu Wamaya. Mnunuzi amepatikana, akasema, na ada yako ya mwaka wa pili itatoka humo. "Humo" ni robo eka ya migomba na kahawa pale Ilboru, juu kidogo ya mji wa Arusha, alikozikwa babu.

Nimekua nikiamini mji huanzia pale shamba linapoishia. Wajerumani walijenga boma lao mwaka 1900, mji ukaanza huko chini. Sisi wa mlimani tukawa shamba. Kumbe Tikal na Caracol, pamoja na mapiramidi yake yote, watu wengi waliishi kwa kutawanyika: nyumba, bustani, nyumba nyingine, matuta ya kilimo ndani ya mji wenyewe. Mwaka 2018 watafiti waliopima kwa miale ya leza kutoka angani walitangaza mabaki ya majengo zaidi ya 60,000 chini ya msitu wa Guatemala. Nilicheka peke yangu. Si Ilboru hii, ukiondoa piramidi?

Wala si lazima kwenda Guatemala. Engaruka iko mkoani kwetu, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Kuanzia karne ya 15 hivi hadi ya 18 watu walijenga vijiji vya mawe kwenye mteremko, na bondeni wakalima maelfu ya ekari kwa maji ya mifereji. Nilipofika huko na wenzangu wa darasa nilisimama kwenye mfereji mkavu nikawaza jambo moja tu: mwenye shamba la juu angeweza kumnyima maji wa chini siku yoyote. Kwa vizazi vingi hakufanya hivyo, au alipofanya walimrudisha kwenye mstari. Mawe yamebaki, lakini yale makubaliano huwezi kuyachimbua kwa sururu.

Na kwetu unapita mfereji. Unaingia kona ya juu, unazunguka migomba, unashuka kwa jirani. Nilipokuwa mdogo tuliitwa msaragambo kuuzibua. Kwenye karatasi za mauzo zipo kona nne za kiwanja na jina la baba mdogo, mfereji haumo. Dalali alisema utafukiwa wakati wa kuchimba msingi, maana zinajengwa apatimenti.

Ningependa kusema kuuza ni dhambi. Lakini baba mdogo ana miaka sitini na kitu, hana pensheni, na mgongo wake haubebi tena mkungu wa ndizi. Mimi mwenyewe sirudi kulima. Nimwambie abaki mkulima ili mandhari ya utoto wangu yaendelee kuwa ya kijani, huku ada nikiipokea? Hiyo siiwezi hata kuitamka. Kiwanja ni chake, auze. Ninachouliza ni kama kuuza kilicho chako kunakupa haki ya kukata kilichokuwa kinapita tu.

Nilimwuliza hivyo hivyo. Akacheka. "Mama wa pale chini ana bomba siku hizi. Naye anatafuta mteja."

Sikuwa na jibu, na bado sina lililo zuri. Pengine mfereji utakufa hata tukiulinda. Ila chini ya huyo mama kuna nyumba tatu zaidi, na mmoja wao ana mboga anazopeleka Kilombero sokoni kila wiki. Kama mfereji ni wa kufa, sioni kwa nini sisi ndio tuamue kwa niaba yake, tena bila kumwambia.

"Baba, waandike kwenye mkataba kwamba watalaza karavati, maji yapite."

"Bei itashuka."

"Ishuke."

Akanyamaza kidogo. "Itashuka kwenye ada yako, siyo kwenye paa langu."

Nilisema sawa, upesi mno. Tarehe ya mwisho ya kulipa chuoni ni Ijumaa ijayo.